Tumefungwa kwa Pointi 31, Nimepata Fulana

Droo ya chini ya kabati langu haifungi vizuri. Imejaa fulana, karibu zote saizi XL, na karibu zote mgongoni zina tangazo la kampuni lenye herufi kubwa kuliko jina la timu lililoko kifuani. Hakuna hata moja niliyoinunua. Nimezipata moja moja, usiku ambao timu yangu ya mpira wa kikapu imefungwa, na kwa kuwa timu yangu hufungwa sana, droo imejaa upesi. Nikitaka kukumbuka msimu fulani ulikwendaje, sihitaji kutazama msimamo wa ligi. Navuta droo.

Timu yenyewe sitaitaja jina. Iko NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ina ukumbi mzuri, inawalipa wachezaji wake mishahara ya kutisha, na ikifika Desemba huwa tumeshaacha kuulizana habari za mtoano. Anayeishabikia ameshajijua.

Miaka ya mwanzo nilikuwa shabiki wa kawaida, yaani mtu wa mateso. Nilikuwa nikitoka ukumbini nimenuna, nikifika nyumbani sili, nikilala naota kocha anamwingiza mchezaji yuleyule. Kisha likatokea jambo ambalo hutokea kwa kila timu mbovu: tiketi zikaanza kutafuta watu. Timu inaposhinda, mwenye tiketi ya msimu mzima hata ndugu yake wa damu hamkumbuki. Timu ikishafungwa mara ya tisa mfululizo, mwenzako wa kazini anakuja mezani kwako, simu mkononi, anakuuliza Jumanne una mpango gani. Nikasema sina. Akanitumia tiketi mbili, tena za viti vya karibu, akaondoka upesi kama mtu aliyetelekeza paka mlangoni kwa jirani.

Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, wakati huo ana miaka tisa. Katikati ya robo ya pili tulikuwa nyuma kwa pointi 22. Mimi nimeshika kichwa, namtukana kocha kwa sauti ya chini, maana nimekuja na mtoto. Mtoto akanivuta mkono wa koti.

"Mjomba."

"Naam."

"Yule mnyama anarudi saa ngapi?"

Alikuwa anamuulizia maskoti wetu, yule mtu wa timu anayevaa vazi la mnyama kuchekesha mashabiki. Nikamtazama mtoto vizuri, nikagundua kwamba tangu tuingie hajanuna hata mara moja. Macho hayako kwenye ubao wa pointi. Yako pembeni, kwenye njia ya kutokea vyumbani, pale anapotokea yule mnyama na mambo yake. Mimi nilikuwa natazama kitu ambacho mwisho wake ulishajulikana. Yeye alikuwa anasubiri kitu ambacho hakuna mtu ukumbini aliyejua kitaishaje: fulana itaangukia wapi.

Usiku ule nilibadili dini, kama naweza kusema hivyo bila kugombana na mtu. Utamu wa mchezo, ukiutafuta chini kabisa, ni kutojua. Ukiwa nyuma kwa pointi 22 na timu yenyewe ndiyo hii ya kwetu, kutojua kumekwisha. Lakini hakupotei, kunahama. Kunatoka katikati ya uwanja kunakwenda pembeni, kwa watu wenye bunduki za fulana, kwa mama aliyeitwa kutupa mpira kutoka nusu ya uwanja, kwa mwanasarakasi mwenye bakuli la tano mguuni. Anayekaa akikodolea ubao wa pointi anakuwa kama mtu anayesubiri basi kwenye kituo kilichohamishwa.

Na nafasi ya mambo hayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mechi ya NBA ina dakika 48 za mchezo, robo nne za dakika 12, lakini ukikaa kitini utanyanyuka baada ya saa mbili na zaidi. Mapumziko ya katikati peke yake ni dakika 15. Tangu msimu wa 2017/18 kila timu ina taimauti saba, yaani visimamo vifupi vinavyoombwa na kocha, kila kimoja cha sekunde 75, na hata makocha wakikaa kimya taimauti mbili lazima zipatikane kila robo: moja baada ya saa ya mchezo kushuka chini ya dakika saba, nyingine baada ya kushuka chini ya dakika tatu. Ratiba ya televisheni inataka matangazo yake. Watu wa burudani ukumbini wanaishi ndani ya mianya hiyo.

Sekunde 75 ni kipimo cha ajabu. Kaa jirani na meza ya waamuzi uone. Kuna dada mmoja mwenye vipokea sauti masikioni na karatasi mkononi, kila kitu kimeandikwa humo kwa sekunde. Firimbi inapulizwa, wachezaji wanaanza kujikokota kuelekea kwenye benchi, na kabla hawajafika, vijana wanne wameshaingia na pete kubwa za plastiki, wamemsimamisha shabiki kwenye alama, mtangazaji amesema jina lake na jina la kampuni iliyodhamini (la kampuni mara mbili), shindano limeanza, limekwisha, mtu amepewa bahasha, sakafu imefutwa, na yule dada ananyoosha vidole vitano, vinne, vitatu. Timu yangu haijawahi kutekeleza mpango wowote kwa ustadi huo. Nimewahi kuwaza kwamba angepewa yeye timu walau kwa mwezi mmoja.

Sasa nizungumzie fulana, maana hapo ndipo nilipo na utaalamu wangu.

Fulana ya kurushwa haifanani na fulana ya dukani. Inakunjwa kwa urefu, inaviringishwa, inabanwa kwa raba mpaka inakuwa kigogo kigumu chenye ukubwa wa ngumi mbili. Za watu wa chini hurushwa kwa mkono na wacheza shoo. Za watu wa juu hupigwa kwa bunduki, bomba lenye mtungi wa gesi iliyobanwa, anayeibeba hupiga goti moja kama mwanajeshi, inasikika *puu*, na kigogo kinapaa hadi karibu na dari kabla hakijaamua kushuka. Kuna na za tatu, zinazodondoshwa kutoka darini kwa miavuli midogo. Hizo ndizo za mateso. Mwavuli hushuka polepole, upepo wa mitambo ya ubaridi unausukuma huku, kisha kule, na chini yake kundi zima la watu wazima wenye kazi zao linahama viti kwa pamoja, vichwa juu, midomo wazi.

Kosa la mgeni ni kunyoosha mikono. Fulana ikija kwa kasi ile haidakiki kirahisi. Inagonga mikono minne au mitano, inadunda, inatumbukia chini ya viti. Mwenye fulana ni yule aliyeinama. Nimeshuhudia bibi mmoja, wa rika la kuheshimiwa, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, akiachia kila kitu juu kiendelee bila yeye. Wanaume watatu wakagombania hewa. Fulana ikaanguka karibu na kiatu chake, akaisogeza kwa unyayo, akaiokota, akaikalia. Mmoja wa wale watatu, kijana mwenye suti, akaanza kutafuta chini ya viti. "Imeangukia wapi?" akauliza. Bibi akamwonyesha kwa kidole, safu mbili nyuma.

Zawadi za mlangoni ni habari nyingine. Hizo hazina bahati, zina foleni: kofia, soksi, skafu, visanamu vya wachezaji vyenye kichwa kinachotikisika, kwa mashabiki elfu kumi wa kwanza. Visanamu vina balaa lake, kwa sababu huagizwa miezi mingi kabla na timu mbovu haikai na wachezaji wake muda mrefu hivyo. Ninacho kimoja juu ya friji. Nilikipanga foleni kwenye baridi, mwezi wa kwanza. Dirisha la kuuziana wachezaji lilipofungwa mwezi wa pili, mwenye sura ile alikuwa ameshakwenda kwingine. Kichwa bado kinatikisika kila friji inapowaka.

Kelele kubwa kuliko zote nilizozisikia katika ukumbi ule, msimu mzima, hazikutokana na kikapu chetu. Kuna mtindo ulioenea katika kumbi nyingi za NBA: mchezaji wa timu ngeni akikosa mitupo huru miwili mfululizo (ile anayopewa aliyechezewa rafu, anatupa bila kuzuiwa) katika robo ya nne, kila aliyemo ukumbini anapata chakula cha bure kutoka kwa mdhamini, mara nyingi sandwichi ya kuku. Hesabu yake ni tamu. Wachezaji wa ligi ile kwa wastani hutia zaidi ya robo tatu ya mitupo huru, kwa hiyo kumkuta mmoja akikosa miwili papo hapo ni jambo la mara moja katika ishirini hivi. Haba kiasi cha kutosha kumtesa mtu, wala si haba kiasi cha kumkatisha tamaa.

Basi tuko nyuma kwa pointi 26, zimebaki dakika sita. Anakwenda mstarini jitu lao, mtu wa kimo cha mlango na nusu. Nusu ya ukumbi imeshaondoka, waliobaki wanachezea simu. Anatupa wa kwanza, unagonga chuma, unatoka.

Watu wakanyanyuka. Simu zikaingia mifukoni. Sijui sauti ile ilitoka wapi, maana vifua vile vilikuwa vimelala tangu robo ya kwanza. Watu waliokuwa ngazini wanaondoka wakageuka, wakasimama palepale. Nyuma ya kikapu wakaanza kupunga vitambaa na maputo marefu. Yule jitu akadundisha mpira mara tatu, akatazama juu, na nikaona kabisa anajizuia kucheka. Anajua. Wote wanajua. Akatupa. Mpira ukazunguka ukingoni mwa kikapu, ukazunguka tena, ukadondoka nje.

Kama ungekuwa nje ya jengo ungedhani tumetwaa ubingwa. Mpwa wangu alikuwa amesimama juu ya kiti, mgeni nisiyemjua amenikumbatia, na kwenye benchi letu wachezaji wa akiba walikuwa wamejifunika taulo usoni mabega yakitikisika. Tulifungwa kwa pointi 31. Kesho yake nilikwenda kuchukua sandwichi yangu, nikaila taratibu.

Los Angeles, mashabiki wa Lakers kwa miaka mingi walikuwa na yao: timu ikishinda na kumzuia mgeni asifikishe pointi 100, wanapata taco, kile chakula cha Kimeksiko. (Nimeiandika kwa tahajia ya wenyewe makusudi. Nikiandika Kiswahili tutavunjiana heshima.) Basi dakika za mwisho, mechi imeshaamuliwa, ukumbi mzima unaimba kudai taco zake. Wanashinda wale, lakini hata wao, matokeo yakishajulikana, wanatafuta kitu kingine ambacho hakijajulikana wakishikilie.

Kisa kikubwa kuliko vyote katika habari hizi ni cha Don Calhoun. Tarehe 14 Aprili 1993, ukumbi wa Chicago Stadium, Bulls wanacheza na Miami. Calhoun, kijana wa miaka 23, muuzaji katika duka la vifaa vya ofisi analipwa dola 5 kwa saa, alikuwa anapanda ngazi tu kwenda kitini kwake. Mfanyakazi mmoja wa ukumbi akamsimamisha, inasemekana kwa sababu ya viatu vyake vya rangi ya njano. Akaambiwa: utatupa mpira kutoka mstari wa mitupo huru wa upande ule, uingie kikapu cha upande huu. Ukiingia, dola milioni 1. Akautupa kwa mkono mmoja, kama mtu anayerusha jiwe ng'ambo ya mto, ukatumbukia moja kwa moja. Michael Jordan mwenyewe akaja kumkumbatia.

Ninachokipenda zaidi kimo baada ya hapo. Mashindano ya namna hii hayalipwi kutoka mfukoni mwa timu, hukatiwa bima. Kampuni ya bima huuliza umbali, huuliza mtu anatupa mara ngapi, na huweka masharti kwamba mshiriki asiwe mchezaji. Calhoun alikuwa amewahi kuchezea timu ya chuo, mechi chache tu. Bima ikakataa kulipa. Ikabidi Bulls na wadhamini wakubali kulibeba deni, naye akalipwa dola 50,000 kwa mwaka kwa miaka 20. Bulls wale walikuwa mabingwa, na mwezi wa sita wakatwaa tena. Hata hivyo ukimuuliza mtu aliyekuwepo usiku ule matokeo ya mechi, sidhani kama ataanzia huko.

Kwetu milioni haijawahi kutoka. Ila nilimwona mama mmoja, amevaa viatu vizito vya kazini, ameletwa katikati ya uwanja, tuko nyuma kwa 27. Akautazama mpira kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Akautupa kwa mikono miwili kutoka chini, kati ya magoti, namna ambayo kocha yeyote angeficha uso. Mpira ulipokuwa hewani ukumbi ulinyamaza kabisa. Nasema kweli: nilisikia mashine ya kutengeneza bisi huko nyuma. Ukagonga chuma cha mbele, ukaruka juu, ukagonga ubao, ukatoka. Mama akakaa chini palepale kwenye nembo ya timu, akacheka mpaka yule dada wa vipokea sauti akaja kumnyanyua, maana zilibaki sekunde kumi na mbili.

Mapumziko ya katikati yana watu wake, na kama utabahatika, utakutana na Red Panda. Jina lake ni Rong Niu, mwanasarakasi kutoka China, na amekuwa akizunguka katika kumbi za NBA tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anapanda baiskeli ya gurudumu moja iliyo ndefu kupita kimo cha mtu, anaendesha kwa mguu mmoja, na kwenye mguu mwingine anapanga mabakuli. Anayarusha. Yanatua juu ya kichwa chake, ndani ya bakuli lililotangulia. Moja, kisha mawili, kisha matatu kwa mkupuo. Ukiwa karibu utasikia *kling* ndogo ya bati kila linapotua, na utaona kwamba baiskeli haitulii hata kidogo; inakwenda mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayesubiri lifti. Siku niliyomwona alikosa mrusho mmoja, mabakuli yakatawanyika. Akaletewa, akayapanga upya bila haraka. Nikatazama pembeni: watu ambao dakika kumi kabla walikuwa wanazomea walikuwa wameshikana mikono.

Mwaka 2018 baiskeli yake iliibwa katika uwanja wa ndege wa San Francisco, na Golden State Warriors wakamnunulia nyingine. Julai 2025 alianguka kutoka juu huko Minneapolis, katika fainali ya kombe la ligi ya wanawake, akavunjika kifundo cha mkono. Nilipoisikia habari ile nilishtuka kuliko ninavyoshtuka mchezaji wetu yeyote akiumia, na sioni aibu kusema hivyo. Wachezaji wetu sijawahi kuwaona wakirudia kitu mpaka kitue.

Maskoti nao wana asili za kuchekesha. Phoenix Suns wana gorila. Jua na gorila wapi na wapi? Mwaka 1980 mtu mmoja alitumwa ukumbini kupeleka salamu za kuimbwa akiwa amevaa vazi la gorila. Akaombwa abaki kidogo acheze mbele ya mashabiki. Akacheza. Akaitwa tena mechi nyingine, na nyingine, mpaka timu ikawa na maskoti bila kikao.

Lakini timu iliyonifundisha mengi kuhusu kufungwa haikuwa hata ya NBA. Ni Washington Generals, waliokuwa wakizunguka na Harlem Globetrotters. Kazi yao ilikuwa kufungwa. Globetrotters wanacheza vituko, wanazungusha mpira kidoleni, wanamwagia mashabiki ndoo ya vipande vya karatasi, na Generals wanasimama hapo kwa heshima wakifungwa, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Mwenye timu, Louis Klotz, waliyemwita Red, alikuwa kocha na mchezaji pia.

Tarehe 5 Januari 1971, katika mji wa Martin, Tennessee, mambo yaliharibika. Globetrotters walijisahau katika vituko vyao, wakapitiliza, na walipozinduka wakajikuta wako nyuma. Klotz, umri miaka 50, akatupa mpira sekunde za mwisho, ukaingia. Generals, usiku ule wakitumia jina la New Jersey Reds, wakashinda 100 kwa 99. Ushindi wa Globetrotters uliokuwa umefululiza kwa mechi 2,495 ukaishia pale. Ukumbi haukushangilia. Inasimuliwa kwamba watoto walilia. Chumbani Generals wakasherehekea kwa kumwagiana soda ya machungwa, maana nani angewawekea shampeni?

Kisa hiki kinanisumbua kidogo, kwa sababu kinaipinga hoja yangu. Watu wale walikwenda kutazama kitu ambacho mwisho wake waliujua, wakapewa mwisho wasioujua, wakalia. Nimekizungusha kichwani mara nyingi. Nadhani tofauti ni kwamba pale kutojua kulikaa ndani ya vituko tangu mwanzo: ndoo ina maji au karatasi? Matokeo yalikuwa sakafu ya kusimamia tu. Klotz aliing'oa sakafu. Sisi wa timu mbovu ya kweli tuna sakafu imara sana.

Nisije nikaonekana nimerogwa. Kuna mambo ukumbini sitayatetea. Kamera ya busu, ile inayowatafuta watu wawili waliokaa jirani na kuwaonyesha kwenye skrini kubwa mpaka wabusiane, nimeshaiona ikiwakuta kaka na dada, nikaona tangazo la kampuni ya maua likiendelea kuwaka juu ya vichwa vyao. Kipimo cha kelele kwenye skrini ni uongo mtupu: mshale unapanda hata kama ukumbi uko kimya kama msiba. Na kuna kitu cha kuudhi katika kuamriwa upige kelele kwa maandishi marefu kama nyumba, ilhali uko nyuma kwa 29. Mashabiki wana kelele zao. Detroit Pistons walipofungwa mara 28 mfululizo msimu wa 2023/24, watu waliimba kumtaka mwenye timu aiuze, na hakuna skrini iliyowafundisha maneno. Nao wakati waliposhinda hatimaye, 129 kwa 127 dhidi ya Toronto, tarehe 30 Desemba, hakuna aliyehitaji fulana.

Kwa hiyo najua ninachofanyiwa. Fulana ya bure imelipiwa na mdhamini, mdhamini analipa kwa sababu mimi nipo kitini, na mimi nipo kitini kwa sababu ya fulana. Humo katikati timu inaweza kuendelea kufungwa bila mtu kugongewa mlango. Tena inafaidika, maana timu mbovu huingia katika bahati nasibu ya kuchagua wachezaji chipukizi, ambapo kuanzia 2019 timu tatu za mwisho kila moja ilipewa asilimia 14 ya kupata chaguo la kwanza. Asilimia 14 tu. Mwaka 2025 Utah walimaliza wakiwa wabovu kuliko wote, wameshinda 17 na kufungwa 65, wakaangukia chaguo la tano. Dallas waliokuwa na asilimia 1.8 wakapata la kwanza, wakamchukua Cooper Flagg. Nilimwonyesha mpwa wangu picha za wakubwa wa timu wakisubiri matokeo yale, suti kali, nyuso zimekakamaa.

"Hawa nao wanasubiri fulana," akasema.

Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na moja, na fulana ya kwanza tuliyoipata, ile ya usiku wa pointi 22, bado anaivaa kulalia. Wakati ule ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Sasa inamfika magotini. Dada yangu anasema namharibia mtoto, kwamba atakua hajui kushindana. Hoja yake naiheshimu, ila siku ya skafu za bure alikuja mwenyewe, na akaondoka na mbili.

Wiki iliyopita nilikwenda kwao nikakuta ratiba ya mechi za nyumbani imebandikwa jikoni. Ameichorachora kwa kalamu nyekundu. Nikavaa miwani niisome. Mechi 41, kila tarehe ina duara au haina, na pembeni ya kila duara kuna neno kwa mwandiko wake. Majina ya timu ngeni ameyafunika kwa alama zake.

"Ijumaa tunacheza na nani?" nikamuuliza.

Akaja, akainama, akatafuta tarehe kwa kidole.

"Soksi," akasema.